Mashine Ikifa Bwera, Nani Ataifufua?

Jumanne na Ijumaa ni siku za soko Mpondwe, mpakani kando ya mji wa Bwera wilayani Kasese, na siku hizo daraja la mto Lubiriha halipumziki. Kutoka upande wa Uganda huvuka mahindi, maharage, saruji, sabuni, magodoro, mabati na samaki waliokaushwa Katwe. Kutoka Kasindi, upande wa Kongo, huja mafuta ya mawese, mbao, vitenge na magunia ambayo wenyewe hawapendi kuulizwa yana nini. Mikokoteni, baiskeli, bodaboda na vichwa vya akina mama hugawana kazi na malori marefu yaliyosafiri usiku kucha kutoka Kampala. Shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo na dola ya Marekani hupita mkono kwa mkono, na bei hutajwa kwa Kiswahili au Lhukonzo, kutegemea nani anamuuzia nani.

Mwenye jicho la biashara akitaka kujua soko lina afya gani, hatafuti ripoti. Huangalia mambo mawili matatu: kama wenye maduka ya jumla bado wanatoa mali kauli kwa wateja wa ng'ambo, kama wabadilisha fedha wameshika vibunda vyao hadharani, na kama mizigo inalala kwenye stoo za mpakani au inarudishwa Bwera na Kasese kabla ya giza. Mali kauli ikikoma, hata soko likifurika watu, wenyeji hujua kuna jambo.

Kampala ina vipimo vyake. Tangu mwaka 2012 Benki Kuu ya Uganda huwadodosa wakuu wa kampuni juu ya matarajio yao na kutoa kielelezo cha mwelekeo wa biashara. Benki ya Stanbic nayo, tangu Juni 2016, hutoa kila mwezi kipimo kinachotokana na majibu ya wasimamizi wa manunuzi wa kampuni takriban 400 za kilimo, viwanda, ujenzi, biashara na huduma. Kikizidi 50, hali inaboreka. Kikishuka chini ya hapo, inazorota. Ni vipimo vyenye faida, na mawaziri hupenda kuvinukuu mwezi ukiwa mzuri. Lakini mama anayevusha madebe mawili ya maharage hana msimamizi wa manunuzi, na mwenye kinu cha mahindi Bwera hapigiwi simu na mdodosaji.

La kushangaza ni kwamba serikali inaijua vizuri Mpondwe kwa upande mwingine wa hesabu. Shirika la Takwimu la Uganda limekuwa likiweka watu mipakani kuhesabu biashara isiyo rasmi, yaani mafungu, magunia na mitungi isiyopita kwenye karatasi za forodha, na Mpondwe imekuwa ikijitokeza miongoni mwa vituo vya juu kabisa nchini. Kwa hiyo inajulikana mali kiasi gani inavuka. Kisichojulikana ni wale wanaoivusha wana matumaini gani na mwezi ujao.

Matumaini hayo yana historia, na historia yenyewe imejaa mashine. Ni wilaya chache za Uganda zilizoletewa mitambo mikubwa kama Kasese: reli, mgodi wa shaba, kiwanda cha chumvi, kiwanda cha kobalti, kiwanda cha saruji, vituo vya umeme wa maji. Mingi imekufa. Iliyobaki hai, na ile midogo iliyoingia kimyakimya bila kukatiwa utepe na rais, ina sifa moja ambayo wapangaji wa maendeleo huisahau upesi: ikiharibika, yupo mtu wa karibu anayeweza kuitengeneza.

Pa kuanzia ni Katwe. Hii si Katwe ya Kampala, ya mafundi wa vyuma, bali ni ziwa dogo la chumvi ndani ya shimo la volkano ya kale, ukingoni mwa Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Falme za Bunyoro na Toro zililipigania. Kapteni Frederick Lugard alipofika mwaka 1891 alijenga ngome juu yake, kwa kuwa alielewa upesi kwamba aliyeishika chumvi ya Katwe ameshika njia za biashara za magharibi yote. Hadi leo chumvi huvunwa kwa namna ambayo watu wa enzi za Lugard wasingeishangaa. Pwani ya ziwa imekatwakatwa kuwa vidimbwi vilivyozungushiwa kingo za udongo na miti, ambavyo hurithishwa ndani ya familia. Maji huachwa yakaangwe na jua hadi chumvi ikae juu. Wengine, wanaume hasa, huingia ziwani hadi kifuani na kubandua chumvi mawe kutoka sakafuni kwa mitalimbo, huku maji makali yakiwala ngozi. Mvua ikinyesha nje ya msimu, kazi ya wiki nzima inayeyuka.

Katika miaka ya 1970 serikali iliona hii si kazi ya karne ya 20. Ikaagizwa mitambo kutoka Ujerumani Magharibi, kwa kampuni ya Thyssen, ya kuvuta maji ya ziwa, kuyachemsha na kutoa chumvi safi ya mezani pamoja na kemikali za viwandani. Hesabu ilivutia: Uganda ilikuwa ikiagiza chumvi kutoka nje na huku ina ziwa zima la chumvi. Kiwanda kikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakikuchukua muda. Maji ya Katwe hayana chumvi ya kawaida peke yake, yamejaa salfati na kabonati, na mabomba yaliyoletwa hayakuhimili. Yaliliwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeitegemea. Nchi wakati huo ilikuwa katika vurugu, fedha za kigeni hazikuwapo, na vipuri vilikuwa Ulaya. Kiwanda kikafa kikiwa kipya.

Magofu yake bado yapo, matangi na mabomba yenye kutu yakitazama vidimbwi vilevile ambavyo yaliletwa kuvistaafisha. Vidimbwi vinaendelea kulisha watu. Mtu anaweza kucheka, lakini ni kicheko cha uchungu, maana wavunaji wa Katwe wangenufaika sana na mashine inayofaa. Kosa halikuwa kuleta chuma mahali penye mikono. Kosa lilikuwa kununua chuma kabla ya kuyaelewa maji, kisha kutomwacha mtu yeyote Katwe mwenye uwezo wa kubadilisha hata bomba moja bila kuandikia barua Ujerumani.

Kilembe, kaskazini-magharibi kidogo mwa mji wa Kasese, ni kisa kirefu zaidi. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe, na mji wa Kasese wenyewe ni mtoto wa reli hiyo. Mgodi uliongozwa na kampuni ya Kanada, Falconbridge. Madini yalipandishwa treni hadi Jinja kuyeyushwa, kisha yakaendelea hadi bandari ya Mombasa. Katika miaka ya 1960 shaba ilisimama na kahawa na pamba katika safu ya mbele ya mauzo ya nje ya Uganda. Kilembe ilikuwa na hospitali, shule, nyumba za wafanyakazi na umeme wake kutoka mto Mubuku wakati sehemu kubwa ya nchi ikiwasha koroboi. Halafu ukaja utawala wa Idi Amin, wataalamu wakaondoka, vipuri vikakosekana, bei ya shaba ikaanguka duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Treni nazo zikakoma kabla ya karne kwisha. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kwa kampuni ya Kichina, Tibet Hima. Mwaka 2017 serikali ikaivunjia mkataba kwa kutotimiza masharti. Kati ya matukio hayo yote mto Nyamwamba ulifurika mara kadhaa, vibaya zaidi Mei 2013 na Mei 2020, ukasomba nyumba, madaraja na sehemu ya hospitali.

Na bado ni Kilembe iliyoizalia Kasese teknolojia ya ajabu kuliko zote zilizowahi kuingia wilayani. Uchimbaji wa miaka ya 1956 hadi 1982 uliacha rundo la mabaki ya pairaiti, karibu tani milioni moja, chini ya mji. Ndani yake mlikuwa na kobalti. Mvua ikinyesha, rundo lilitoa asidi iliyotiririka kuelekea hifadhi na kuacha ukanda wa ardhi usioota hata nyasi. Wataalamu wa BRGM, taasisi ya jiolojia ya Ufaransa, wakatafuta njia ya kuitoa kobalti hiyo kwa kutumia bakteria. Wapo wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwa kula chuma na salfa. Wakiwekwa kwenye matangi, wakapulizwa hewa na kutunzwa katika joto la nyuzi 42 hivi, huila pairaiti na kuiachia kobalti iyeyuke. Mwaka 1999 Kampuni ya Kobalti ya Kasese, KCCL, ilianza kuzalisha kwa njia hiyo, ikiwa miongoni mwa viwanda vya kwanza duniani kufanya hivyo kibiashara, na ikajijengea kituo chake cha umeme cha karibu megawati 10 kwenye mto Mubuku.

Kilifanya kazi. Kilisimama kwa muda bei ya kobalti ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikarudi, kikaendelea hadi rundo lilipokwisha mnamo 2013. Hapa mashine ilifaulu mahali ambapo ile ya Katwe ilishindwa, na sababu haijifichi: iliundwa kwa ajili ya rundo lile, baada ya rundo kuchunguzwa kwa miaka. Ilichokosa ni urithi. Rundo lilipokwisha, ujuzi wa kulea bakteria haukuwa na pengine pa kwenda ndani ya wilaya. Hakuna kiwanda cha pili kilichozaliwa na cha kwanza. Leo dunia inagombania kobalti kwa ajili ya betri za magari na simu, nyingi yake ikitoka Kongo, na Kasese, iliyowahi kuitoa kwenye takataka kwa msaada wa wadudu, inasimulia habari hiyo kama ya mababu.

Hima ndiyo iliyobaki. Kiwanda cha saruji, kwenye barabara ya Fort Portal, kimepita mikono mingi: cha serikali, kikabinafsishwa mwaka 1994, kikaingia kwa Bamburi ya Kenya na kupitia kwake Lafarge ya Ufaransa, kisha mwaka 2024 kikanunuliwa na Sarrai Group na mshirika wake katika mkataba uliokithamini dola za Marekani milioni 120. Saruji yake ni miongoni mwa bidhaa zinazoonekana kila siku kwenye foleni ya Mpondwe. Jambo moja kuhusu Hima linastahili kutajwa kwa sifa: ilijifunza kuchoma maganda ya kahawa na ya mpunga kwenye tanuru zake badala ya kutegemea mafuta ya kuagiza peke yake, na kwa ajili hiyo ikagawa miche ya kahawa kwa wakulima. Kiwanda kilichofungamanisha moto wake na shamba la jirani kina sababu ya ziada ya kubaki.

Ukipanda kutoka Bwera kwenda Kyarumba na vilima vya Bukonzo, ndipo mjadala wa teknolojia unapobadilika sura. Huku kahawa ya arabika hulimwa kwenye miteremko mikali, mashamba madogo, mengi chini ya ekari moja au mbili. Kwa miongo mingi mkulima alivuna kahawa iliyoiva na isiyoiva pamoja, akaianika chini na kuiuza ikiwa na maganda yake. Wafanyabiashara waliita kahawa hiyo Drugar na kuilipa bei ya chini, kwa haki kabisa, kwa kuwa ilikuwa na ladha ya udongo. Kilichobadilisha mambo ni mashine ndogo: kinu cha kumenya kahawa mbivu, tangi la kuivundisha na kuiosha, na meza za waya za kuianika juu ya ardhi. Vyama vya ushirika, hasa vile vya Bukonzo, vilisambaza vituo vidogo vya kuoshea kahawa vilimani, karibu na wakulima, badala ya kujenga kiwanda kimoja kikubwa bondeni. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko unavyoonekana. Kahawa mbivu haingoji, na njia za huko mvua ikinyesha hazipitiki hata kwa pikipiki. Kinu cha kumenya kina gurudumu, kisu na mkono wa kuzungushia. Fundi chuma yeyote wa Kisinga au Bwera anakijua.

Teknolojia nyingine ya Bukonzo haina hata chuma. Karibu mwaka 2007 ushirika wa Bukonzo Joint ulishiriki kubuni mbinu ya michoro, ambapo mume na mke huchora kila mmoja kazi anayofanya, fedha zinakoenda, na mahali wanapotaka kufika. Wengi wa wakulima hawakusoma sana, kwa hiyo picha zilisema lile ambalo semina zisingeweza. Wanaume kadhaa waliona kwa mara ya kwanza, kwa mkono wao wenyewe, kwamba mke ndiye anayepalilia, kuvuna na kuanika, na wao ndio wanaouza na kutumia. Wanandoa wakaanza kuandikisha ardhi kwa majina mawili. Ubora wa kahawa ukapanda, kwa sababu rahisi: mwanamke anayejua atapata sehemu ya bei hana haja ya kuchuma mbichi na kuiuza kwa siri. Mbinu hiyo imeenea nchi nyingi kupitia mashirika kama Oxfam Novib na IFAD. Wachumi wanaopima imani ya biashara kwa kuuliza mashirika wangejifunza mengi kwa kupima kwanza kama imani ipo ndani ya nyumba.

Sasa kahawa ya vilima hivi vya Rwenzori inakabiliwa na mashine ya aina nyingine. Umoja wa Ulaya, ambao ni mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda, ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kila gunia lionyeshe lilikotoka: mahali hasa pa shamba kwenye ramani ya setilaiti, na ushahidi kwamba hakuna msitu uliofyekwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kazi imeanza, vijana wakizunguka vilimani na simu janja wakipima mashamba. Uganda ina la kupoteza: katika mwaka wa fedha 2023/24 iliuza nje magunia zaidi ya milioni 6 na kupata dola bilioni 1.14. Hapa Bwera sheria hiyo inagusa jambo lisilosemwa kwa sauti. Kahawa ya Kongo huvuka kwa njia za panya na kuchanganywa na ya Uganda, kwa kuwa upande huu bei ni bora na ushuru si mwingi. Kahawa isiyo na shamba kwenye ramani itakwenda wapi? Wako wanaodhani ramani itakomesha magendo. Uzoefu wa mpaka huu unaonyesha magendo hujifunza kusoma ramani.

Lakini teknolojia iliyobadilisha imani ya Bwera kuliko zote inakaa mfukoni. MTN ilianzisha huduma ya pesa za simu Uganda mwezi Machi 2009, na ndani ya miaka michache vibanda vya wakala vilijaa hadi hatua chache kabla ya daraja. Mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri na mamilioni kwenye begi kutoka Kampala, akiomba Mungu njia nzima ya hifadhini, sasa anatuma. Mteja wa ng'ambo anaagiza kwa ujumbe wa sauti, analipa kwa laini ya Uganda aliyoinunua kwa kazi hiyo tu, na bodaboda anapeleka. Mali kauli yenyewe imepata kumbukumbu: ujumbe wa malipo hausahau kama kinywa. Na simu ikianguka majini, fundi simu yuko kila kona ya soko na kioo, betri na chaji za kila aina. Teknolojia hii haikuhitaji mkandarasi wa kigeni, na huenda ndiyo sababu haikufa.

Ina udhaifu wake, na udhaifu huo haujaletwa na mafundi. Mwaka 2018 serikali iliweka kodi juu ya miamala ya simu na ada ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Ile ya miamala ilipunguzwa baada ya kelele, lakini mawakala walihisi. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa na pesa za simu zikakwama. Mpakani maana yake ilikuwa mzigo ulioshushwa usiolipika. Mwaka huohuo mamlaka ya mapato ilianza kudai ankara za kielektroniki kupitia mfumo wake wa EFRIS, na Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala wakafunga maduka kuupinga. Nia ya mfumo huo haina kasoro, nchi inahitaji kodi. Lakini mwenye duka asiyejua kwa nini mashine imekataa ankara, na asiye na wa kumuuliza isipokuwa ofisi ya mbali, anaiona kama askari, si kama chombo cha kazi.

Kuna hitilafu nyingine ambayo hakuna fundi wa Bwera anayeiweza. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo alifariki kwa Ebola Bwera, na soko la mpakani likaingia hofu. Machi 2020 mipaka ikafungwa kwa wasafiri kwa sababu ya korona. Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua hapa ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni na Butembo, na mwaka uliofuata Kongo ikaingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wengi wakajenga stoo mpya. Ndipo usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF wakavamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, jirani kabisa na soko, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hakuna takwimu za imani zinazoweza kubeba usiku kama ule. Soko lilirudi, kwa kuwa watu hawana budi kula, na kwa kuwa Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu wanaozikana na kuoana. Undugu huo ndio unaofufua biashara kila inapoanguka, na haumo katika bajeti ya mtu yeyote.

Halafu kuna umeme. Mito inayoshuka Rwenzori imeipa Kasese vituo vya Mubuku, Bugoye chenye megawati 13 tangu mwaka 2009, na Nyamwamba. Wilaya inazalisha, gridi inachukua, na mwenye kinu Bwera anaweka injini ya dizeli pembeni kwa siku za giza. Aprili 2025 usambazaji ulirudi mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL, baada ya Umeme kumaliza miaka yake 20. Ng'ambo ya mpaka, Mutwanga, Hifadhi ya Virunga ilijenga kituo kidogo cha umeme wa maji mwaka 2013, na kando yake kukazuka kiwanda cha sabuni kinachotumia mawese ya hapohapo na kiwanda kidogo cha chokoleti cha kakao ya hapohapo, katika eneo linaloshambuliwa na ADF mara kwa mara. Mtu wa Bwera ana haki ya kuuliza kwa nini mawese yavuke daraja yakiwa mabichi na sabuni irudi kutoka Kampala, wakati mito ni ileile na mlima ni uleule.

Jibu la makala hii ni kwamba Bwera haikosi mashine wala ujasiri wa biashara. Inakosa mafundi waliofundishwa kabla ya mitambo kufika, na maamuzi yanayofanywa karibu na mahali mitambo inapofanya kazi. Mahali vitu hivyo vilipokuwapo, kwenye vinu vya kahawa vya Bukonzo na kwenye meza za mafundi simu wa Mpondwe, watu waliwekeza senti zao bila kungoja mtu wa kuwahamasisha.

Mipango ya kufufua Kilembe haijawahi kukoma tangu mkataba wa Tibet Hima uvunjwe. Wabunge wa Kasese na viongozi wa wilaya watakaoketi mezani na mwekezaji wadai mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba, si kwenye hotuba: karakana ya vipuri ijengwe Kasese, na vijana wa wilaya waanze mafunzo ya mitambo hiyo walau mwaka mmoja kabla haijashushwa kwenye malori.